Ukoko wa Ridhiwani

Saa tano asubuhi Swaumu aliosha mchele, akakaanga kitunguu, akamimina tui na kutumbukiza mabua ya mchaichai aliyoyafunga fundo, pamoja na konzi ya majani ya giligilani. Alipikia kwenye upenyo ulio nyuma ya maduka, chini ya ghorofa moja la Kariakoo, na wateja wake walikuwa wenye maduka hayohayo. Tui lilipokaribia kukauka alifunika sufuria, akapalia makaa juu ya mfuniko, akakaa kuusubiri ua.

Ua ulikuja harufu ilipokolea. Ukuta wa nyuma uliondoka, yakaonekana mpapai, kisima chenye mfuniko wa bati na, pembeni, chumba cha uani chenye mlango wa kijani. Ndivyo ilivyokuwa nyumba ya marehemu mama yake kabla haijavunjwa pakajengwa ghorofa hilo. Angelina, muuza vitenge, alisogeza mzigo wake usilowe maji ya kisima, akauliza wali wa leo unaliwa na nini. Aliambiwa maharage, akaketi.

Ua hukaa maadamu kuna wali sufuriani. Punje ya mwisho ikitoka, ukuta unarudi. Kwa hiyo kila siku, akishawapakulia wateja, Swaumu hujipakulia naye, huingia chumba cha uani, hurudisha mlango na kula juu ya kitanda chake cha kamba. Alikuwa na raha, wala hakuona haya kusema ana raha. Chumba alichopanga Buguruni hakina hata dirisha.

Aliyeiuza nyumba ni mdogo wake, Ridhiwani, ambaye sasa ni dalali wa vyumba vya ghorofa hilohilo. Kikulacho ki nguoni mwako. Alimwambia mnunuzi kwamba dada yake ameridhia, na dada yake wakati huo alikuwa msibani Lindi. Ua ulipoanza kurudi, Ridhiwani alijaribu kuufungua mlango wa kijani, ukamgomea. Swaumu aliusukuma kwa kidole, ukafunguka. Wenye maduka wote waliona, wakaendelea kula.

Tangu hapo Ridhiwani akawa anawahi kuja na kuomba aongezewe, tena na tena, ili wali uishe upesi. Swaumu hakumnyima wali. Alimnyima ukoko. Zamani mama yao akiukwangua ukoko alimpa Ridhiwani, kwa kuwa ndiye kitinda mimba, na Swaumu akabaki na sufuria ya kusugua. Sasa aliuacha umegandia chini, na kwa kuwa ukoko nao ni wali, ua ukawa unakaa mpaka alasiri.

Siku hiyo Ridhiwani alishindwa kuvumilia.

"Dada, naomba ukoko wangu."

"Nitakupa. Kwanza waambie hawa chumba kile kilikuwa cha nani."

"Yaliyopita si ndwele, dada."

"Ndwele ninayo mimi, mdogo wangu."

Ridhiwani alichungulia sufuria. Ukoko ulikuwa mwekundu, na mchaichai ulioungua kidogo ulinukia. Alimeza mate.

"Kilikuwa chako," alisema. "Mama alikupa wewe. Mimi nikakiuza na sikukuuliza."

Angelina alisema hilo walikuwa wanalijua, akaomba maji ya kunawa. Kisha akamuuliza Ridhiwani kama lile duka la juu bado halijapata mtu. Ridhiwani akasema bado, aje kesho waongee.

Swaumu alisikia moyo wake ukitulia. Alikuwa amelingoja neno hilo kwa muda mrefu, na sasa limesemwa mbele za watu. Akachukua upawa, akaukwangua ukoko wote, akampa kama alivyoahidi. Ridhiwani aliutafuna taratibu, akasema ni mtamu, ila chumvi imezidi kidogo.

Mpapai ukaondoka, kisima kikaondoka, na mwisho mlango wa kijani. Ukuta ukarudi na tangazo lake la mwenye ghorofa, la kukataza watu kupika hapo. Swaumu akatundika kanga yake juu ya tangazo, akavuta ndoo na, huku akiimba kwa sauti ya chini, akaanza kusugua sufuria.