Bibi Anayeruka

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne ndani ya daftari la hesabu la mtoto. Mama mtu aliikunjua mezani, akaisawazisha kwa kiganja.

Ilikuwa picha ya chumba. Kitanda, dirisha, kabati lenye mguu mmoja mfupi. Na ndani ya chumba hicho hicho mabibi wanne, wote wamejifunga kitambaa kile kile cha buluu kichwani, wote na miwani. Mmoja mlangoni, mmoja dirishani, mmoja miguuni pa kitanda. Wa nne ameinama mpaka sikio lake limegusa mdomo wa mtoto.

"Nimemuuliza hawa ni nani," mama mtu alisema. "Kaniambia wote ni Bibi. Kasema Bibi anaruka."

Bibi akacheka, maana kicheko chake hakikai mbali. Alipoona binti yake hacheki, akakikatiza.

"Mimi niruke? Magoti haya yanayolia kama bawaba kavu? Labda niruke kutoka kitandani nikiota nimeokota mkoba."

"Mama, sifanyi mzaha. Unamfanya nini mwanangu nikiwa kazini?"

"Nimfanye nini? Namlisha, namwogesha, namtegea vitendawili."

"Basi kwa nini anapiga makelele? Jirani anamsikia. Na mwalimu naye ameandika."

Barua ya mwalimu ilikuwa fupi. Kijino, ndivyo walivyomwita mtoto tangu meno yake mawili ya mbele yalipong'oka, alikuwa haitiki akiitwa. Aliacha sentensi katikati. Hakutulia kitini, na akiguswa alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Huenda ni tatizo la umakini, mwalimu aliandika, huenda ni usonji. Aonwe na daktari bingwa wa watoto.

"Miadi ni Alhamisi," mama mtu alisema. "Baada ya hapo namtafutia mahali pengine pa kushinda mchana. Mpaka nijue kinachomtisha."

Bibi alimlea Kijino tangu ana miezi mitatu, na sasa yuko darasa la kwanza. Alikaa na lile neno "kinachomtisha" usiku kucha kama mwiba wa samaki, halimezeki wala halitemeki.

Vitendawili vyenyewe vilikuwa na utaratibu wao pale nyumbani. Bibi alikaa kwenye kigoda mlangoni, Kijino kitandani. Bibi akitega, Kijino alilazimika kunong'ona jibu, eti kuta zisisikie zikaiba. Na mtoto huyu hakuwa wa kuropoka. Mara nyingi alinyamaza kabisa, macho yakaganda, midomo ikachezacheza bila sauti. Bibi alipenda kupindukia kunyamaza huko. Alikuwa akijisifu kwa majirani: "Mke mwenzangu anafikiri huyo, hata inzi akimtua puani hamjui!" Hakumharakisha. Aliinuka polepole, akanyata, akainamisha sikio kulipokea jibu. Ndipo Kijino anapopiga ukelele. Bibi humtania: "Mwoga wewe! Jibu limekutoroka!" Akidhani ni sehemu ya mchezo.

Siku zile za kungoja Alhamisi hakutega kitu. Akaanza kujichunguza mwenyewe.

Jumanne adhuhuri alikuwa anasuuza vyombo kwenye karai, akamwita mtoto. Kimya. Akageuka. Kijino alikuwa amesimama kando ya kitanda anamtazama, macho wazi kama madirisha ya nyumba iliyohamwa. Bibi akafuta mikono, akaenda. Alipofika karibu, mtoto alipepesa, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Ulikuwa kwenye karai," alisema.

"Ndiyo, nimetoka huko sasa hivi. Si umeniona nakuja?"

"Hukuja. Umekuwepo tu."

Mtoto alipotoka, Bibi alirudi kwenye karai akatembea tena mpaka kitandani, akihesabu kwa sauti. Hatua kumi na moja. Mtu anapoteaje katika hatua kumi na moja, mchana kweupe? Alikuwa amesikia habari za wazee ambao akili huwatoka vipande vipande, wenyewe wasijue. Akasimama mbele ya kioo muda mrefu, akimtazama yule mwanamke mwenye kitambaa cha buluu, akingoja aone kama atatikisika kabla yake. Hakumwambia mtu.

Alhamisi walikaa watatu kwenye benchi la kliniki. Ukutani walichorwa twiga, na kwa miaka vidole vya watoto vilikuwa vimewabandua macho, wakabaki na matundu meupe. Kando yao mtoto mmoja mwenye vizuia-sauti masikioni alipanga vizibo vya chupa kwa mstari. Mwingine alikimbia kutoka mlango hadi mlango, baba yake nyuma anahema.

Daktari alikuwa mwanamke wa sauti ya chini. Hakumwambia Kijino nitazame, wala kaa vizuri. Alikaa naye sakafuni penye vipande vya mbao, wakajenga nyumba, wakaibomoa. Kisha akauliza kama anayeuliza habari za mvua:

"Bibi anarukaje?"

Kijino alichukua kipande chekundu akakiweka mbali, ukutani. Akakiinua, akakibandika karibu na goti lake.

"Hivi. Hakuna katikati."

"Ni Bibi tu?"

"Na mwalimu. Na Mama kidogo. Lakini Bibi anaruka mpaka usoni."

Mama mtu alimtupia mama yake jicho. Daktari hakumtazama Bibi hata kidogo. Alikuwa anamtazama mtoto.

"Nataka apimwe umeme wa ubongo leo hii," alisema. "Kipimo hakiumi. Bibi aingie naye, akae kama anavyokaa nyumbani. Mama, wewe njoo nami nyuma ya kioo."

Chumba cha kipimo kilinuka gundi. Fundi wa mashine, kijana mpole mwenye mikono ya mshona nguo, alimbandika Kijino nyaya kichwani moja baada ya nyingine mpaka akawa kama mti uliotoa mizizi juu. Kamera ndogo iliwatazama kutoka pembeni ya dari. Bibi akapewa kiti mlangoni.

Fundi alimpa mtoto feni ya karatasi kwenye kijiti. "Ipulize, dada. Isisimame mpaka niseme. Bibi, mchangamshe."

Bibi angemchangamsha kwa nini kingine?

"Kitendawili!"

Kijino alimtazama kwa wasiwasi. "Tega," alisema, akapuliza.

"Nina ndugu, nikiwa juani hanibanduki, nikiingia gizani ananikana."

Feni ikazunguka. Kijino akapuliza, akapuliza. Dakika ikapita, ya pili ikaingia. Halafu feni ikapunguza mwendo. Ikasimama. Midomo ya mtoto ikachezacheza.

Jibu linakuja, Bibi aliwaza, na miguu ikamwinua yenyewe kwa mazoea. Akanyata. Akainamisha sikio. Hapakuwa na neno. Akageuza uso, na chini ya taa ile nyeupe akaona ambacho chumba chao chenye kiza hakikuwahi kumwonyesha: kope za mtoto zilikuwa zinapigapiga, haraka, kwa kipimo, kama kitu kinachobisha hodi kutoka ndani. Macho yalimlenga Bibi sawasawa, na Bibi hakuwemo ndani yake.

Kisha yakamwona.

"Ameruka! Ameruka tena!"

Walipomtuliza, fundi alirudisha picha nyuma. Bibi na binti yake walisimama bega kwa bega mbele ya skrini. Upande mmoja, mistari iliyokuwa imelala kama nyuzi iliinuka yote kwa pamoja, ikawa meno ya kitana, ikalala tena. Upande wa pili bibi kizee alivuka chumba hatua kwa hatua, na mtoto alimkodolea macho bila kumwona.

"Sekunde kumi na nne," daktari alisema. "Ni aina ya kifafa, ile isiyoangusha mtu. Inamkatia muda. Huenda kwa siku ni mara nyingi sana. Dawa ipo, na watoto wengi huachana na kifafa hiki wakikua. Hilo la kutotulia tutalitazama baadaye, huyu kwanza apate siku nzima isiyo na matundu."

"Kwa hiyo nilipodhani anatafuta jibu..." Bibi alianza.

"Hakuwepo, Bibi. Alikuwa anakukuta umeshafika."

Bibi akaketi. Alijaribu kuvihesabu vile vitendawili vyote, akaona haviishi.

Mama mtu alimshika mkono. "Mama, nisamehe. Jumatatu nimlete kwako kama kawaida?"

"Usiniulize mimi," Bibi alisema. "Aliyeogopa ni yeye."

Walirudi kwenye benchi la kliniki, Bibi akaketi mwisho mmoja, Kijino mwisho mwingine, gundi imemganda nyweleni. Mama yake alichuchumaa akamweleza: Bibi haruki, mtu yeyote haruki. Ni wewe unayekwenda kidogo, kisha unarudi.

Mtoto akafikiri, safari hii kweli.

"Nikienda, nani anabaki na macho yangu?"

Bibi alikumbuka yale macho chini ya taa, akavuta kitambaa chake mpaka masikioni ingawa hapakuwa na baridi.

"Sijui, mjukuu wangu," alisema kutoka mwisho wa pili wa benchi. "Unataka nije hapo, au nikae huku huku?"

Kijino alimpima kwa muda. "Njoo. Lakini polepole. Nikuone."

Bibi akasogea shubiri moja. Akasimama. Shubiri nyingine. Mtoto alikodoa, hapepesi, akilinda kila kipande cha benchi kati yao. Alikuwa amefika nusu pale kope za mtoto zilipoanza kupigapiga.

Bibi akaganda. Nusu ya makalio hewani, mkono umeshika ubao, goti linalia. Mama mtu alinyanyua kiganja kumtaka asubiri, lakini Bibi hakuhitaji kuambiwa. Hakuvuta hata pumzi. Mbele yake yale madirisha ya macho yalikuwa wazi, na chochote kilichokuwa kikichungulia humo, alikiacha kichungulie.

Macho yakarudi. Yakamtafuta karibu, hayakumpata. Yakamkuta pale pale yalipomwacha.

"Endelea," Kijino alisema.