Mnyororo wa Saba

Wageni wakishaondoka, gati letu la boti za starehe hubaki na watu wachache na kazi nyingi. Boti zinavutwa nchi kavu, zinapangwa juu ya magogo na kufunikwa turubai. Mimi ni fundi injini. Namwaga oili chafu kwenye mapipa isifike ziwani, nakwangua magugu yaliyonata matumboni mwa boti. Shule niliiacha mapema, lakini injini nazielewa. Ndiyo maana siwezi kusema sikujua.

Mwaka huu tuliongezewa kazi. Boti zikiwa majini hufungwa kwa minyororo iliyoshikwa na matofali ya zege chini ya ziwa. Upepo ukizungusha boti, mnyororo nao unafagia chini na kung'oa majani ambamo samaki hutaga. Mtaalamu wa samaki, mwanamke tuliyempachika jina la Mama Mayai kwa sababu hakuwa na hadithi nyingine ila mayai ya samaki, alikubaliana na bosi tuitoe minyororo yote kumi na miwili, tuweke kamba zenye maboya zisizogusa chini.

Mzamiaji alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu.

"Shemeji, leo usisinzie na kamba mkononi," aliniambia akivaa miwani ya maji.

"Nitasinziaje, na wewe unakoroma hata ukiwa majini?"

"Haya. Ukinipoteza, usirudi nyumbani. Dada atakupikia mawe."

Mama Mayai alicheka. Shemeji akaingia majini.

Tulikuwa juu ya pantoni, jukwaa bapa linaloelea, mita tisa za maji chini yetu. Shemeji alivuta pumzi kwa mpira mrefu kutoka kwenye kompresa ya petroli. Mdomo unaoingiza hewa uko mbele, bomba la moshi liko nyuma, na pantoni hufungwa kamba mbili ili mbele kuelekee upepo. Kiunoni Shemeji alifungwa kamba nyingine, nami nikashika ncha yake. Nikivuta mara moja namuuliza kama yuko salama. Akijibu mara moja, yuko salama. Mara tatu, mpandishe.

Minyororo sita ilitoka bila shida. Wa saba ulikuwa na kasoro moja: kamba yetu ya mbele ilifungwa kwenye boya lake. Nisingeweza kuunyanyua bila kuifungua ile kamba, nikaifungua. Nilisema moyoni, dakika tano tu.

Pantoni ikageuka polepole, kimya, kama mtu anayejigeuza kitandani. Sikuona. Macho yangu yalikuwa kwenye maji.

Nikavuta mara moja. Akajibu mara moja. Baada ya muda nikavuta tena. Alichelewa, halafu akajibu mara mbili. Nikavuta tena. Akajibu mara nne.

"Nne ni nini?" Mama Mayai aliuliza.

"Hakuna nne."

"Labda anakutania."

Shemeji hutania kila kitu, hata msibani. Kamba hajawahi kuitania. Nikavuta. Kimya. Mapovu yalikuwa bado yanapanda, lakini kwa kuachana sana, nikajikuta nayahesabu kwa midomo.

Ndipo nikasikia harufu. Nikageuza kichwa. Moshi uliokuwa ukienda ziwani ulikuwa unapita juu ya kompresa na kuingia moja kwa moja kwenye mdomo wa hewa. Moshi wa injini hausongi koo kwanza. Unamlaza mtu, naye anadhani ni uchovu.

Nikazima injini.

"Umemkatia hewa," alisema Mama Mayai.

"Ile si hewa. Njoo tuvute."

Tukavuta. Kamba ilikuja mita mbili, ikakwama. Tukavuta tena, haikutikisika. Mapovu yakakoma. Nilitaka kuruka, lakini naogelea kama nyundo, na Mama Mayai peke yake asingeweza kutuvuta wawili.

"Amenaswa na mnyororo," nikasema. "Legeza. Tuhamie upande ule."

Kulegeza ndiko kulikonitisha zaidi, maana nilihisi ninamrudisha chini kwa mikono yangu mwenyewe. Tulizunguka, tukavuta kwa upande. Kitu kikaachia. Akaja mzito, mzito kweli, mpaka kichwa chake kikatokea, meno bado yameuma mpira.

Tulimlaza kwenye mbao. Mama Mayai akamtoa mpira, akambana pua, akampulizia mdomoni. Mara ya sita au ya saba alikohoa, akatapika, akaanza kuhema mwenyewe. Macho yalikuwa wazi lakini hayakutazama chochote.

Hospitali walimwekea oksijeni. Daktari alisema moyo unapiga vizuri, lakini kuhusu kichwa tusubiri. Bosi alifika na funguo za gari zikilia mkononi.

"Mwambie mkeo maji yalimzidi," alininong'oneza. "Ajali kazini. Usijitafutie makubwa."

Mke wangu alikuja na kandambili, ya kulia imekatika. Nikamweleza yote hapo kwenye benchi, bosi akisikia.

"Kamba uliifungua wewe?" aliuliza.

"Mimi."

"Na upepo hukuutazama."

"Sikuutazama."

Hakulia. Alisogea mbali nami, akabaki anaangalia mlango wa wodi. Tulikaa hivyo mpaka jua likahamia ukuta wa pili.

Mwishowe mmoja akasimama mbele yetu. "Ameamka. Anajua jina lake, anajua siku. Anauliza ilikuwaje."

Bosi akatangulia kuinuka. Mke wangu akamzuia kwa mkono bila kumtazama.

"Nenda wewe," aliniambia. "Umwambie kama ulivyoniambia mimi. Usipunguze."

Nikasukuma mlango. Shemeji aligeuza kichwa kwenye mto, akanisubiri niseme.