Siku Rehema Alipotolewa Bandani

Elisifa, kijana aliyesomea mifugo, alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuwaomba watu waliofungia ng'ombe wao bandani wawape nafasi ya kutembea. Alipofika kwa Mzee Ndelilio, mzee alicheka mpaka majirani wakasogea kusikiliza.

"Rehema wangu anakula kuliko mimi! Majani yake yanapanda mlima na gari kutoka kule chini Kahe. Atembee kwenda wapi, kanisani?"

"Mtoe tu nje, babu, tumwone sote."

Mzee hakukataa. Alitaka watu waone ng'ombe wake alivyonenepa. Akaondoa miti ya mlangoni, akamvuta kwa kamba.

Rehema alitoka akitetemeka. Hatua chache tu, miguu ya mbele ikakunjika, akaanguka kwa magoti juani. Kwato zake, ambazo siku zote zilizama kwenye samadi, zilikuwa ndefu na zimepinda kwenda juu kama pembe.

Vicheko vilikatika.

"Alitembea lini mara ya mwisho, babu?" Elisifa aliuliza taratibu.

Mzee alifungua mdomo ajibu, akakumbuka alivyomleta akiwa ndama, amembeba mabegani, akamwingiza bandani. Tangu hapo alikuwa akimkuna kichwa na kumpapasa mgongo kila asubuhi. Miguu hakuwahi kuitazama.

"Hajawahi," alisema.

Akapiga magoti kwenye tope, akaishika kwato moja kwa mikono miwili.

"Zinakatwaje hizi, mjukuu wangu? Nionyeshe. Na nyie mnaotazama, nani ana shoka? Banda hili linavunjwa leo."