Banda la Kimo cha Ng'ombe

"Shika hiyo, Boke, shika! Upepo unaniibia bati!"

Mzee Mseti alikuwa juu ya ngazi, misumari mitatu mdomoni, anaongea nayo hivyohivyo. Bati la mwisho linapiga kelele mkononi. Chini mke wake ameshika ngazi na kucheka.

"Baba Godwin, ukimeza msumari sikupeleki hospitali Mugumu. Leo nina mgeni."

Mgeni mwenyewe ni trekta. Nikwambie ilivyokuwa. Watu ishirini na wawili wa vijiji viwili, hapa Machochwe na kule Natta, walijiunga wakanunua trekta moja, nyekundu, si mpya lakini inanguruma vizuri. Mwenyekiti wao, mama Agustina, yule asiyecheka ovyo, akasema kwenye kikao: hii mashine hailali nje hata siku moja. Ikifika Jumamosi na Mseti ana banda, inakaa kwa Mseti. Kama hana, inapitiliza Natta. Na wote walijua, ikikaa Natta itaanza kulima kule, Machochwe itafikiwa mvua imeshakwenda zake.

Sasa Jumamosi ndiyo hii. Na wingu ndilo lile, jeusi, limekaa juu ya mbuga.

Mzee huyu ametembea nyuma ya jembe la ng'ombe miaka hamsini. Boke mbele anaongoza, yeye nyuma ameshika mpini. Magoti yamechoka. Kwa hiyo banda alilijenga kama mtu anayejenga nyumba ya bibi harusi. Nguzo sita za mkaratusi, miguu yake ameibabua kwenye moto mchwa wasiipende. Chini amemwaga changarawe, sakafu ikainuka. Mtaro kuzunguka. Mabati ya zamani ya kanisa, matundu ameziba kwa lami. Mbele wazi, nyuma wazi, hewa ipite. Na vipimo alichukua mwenyewe, alikwenda Mugumu ilikokuwa trekta, na fimbo yake ya kuswagia ng'ombe, akapima upana, akapima urefu, akapima kwenda juu mpaka kwenye usukani, akaongeza shubiri moja. Hakukosea hata kidole.

Msumari wa mwisho ukaingia. Hapohapo ikasikika, du-du-du-du, inapanda mlima.

"Imekuja!" Mzee akashuka ngazi kama kijana, akasahau magoti yote mawili. Majirani wakatoka mbio, wanawake wakapiga vigelegele, mbwa wakachanganyikiwa. Vedasto, dereva, yuko juu kwenye kiti, mrefu, kofia kichwani, anapunga mkono kama mbunge. Agustina nyuma yake kwenye pikipiki.

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba, ingiza! Ingiza, mvua hiyo!"

Vedasto akaelekeza pua ya trekta bandani. Boneti ikaingia vizuri kabisa. Halafu akakanyaga breki ghafla, maana boriti ya mbele ilikuwa imemfikia kifuani.

Agustina akashuka pikipiki, akaangalia boriti, akamwangalia Vedasto.

"Mzee Mseti, ulipima nini?"

"Trekta."

"Na dereva?"

Mzee akamwangalia Vedasto kutoka kofia mpaka viatu.

"Jembe langu," akasema polepole, "halijawahi kupandwa na mtu. Mtu anatembea nyuma."

Watu walicheka, jamani, mpaka wengine wakakaa chini. Boke hakucheka. Tone la kwanza lilidondoka kwenye boneti, likatoa kamvuke. Vedasto akarudisha trekta nyuma, akageuza shingo kuangalia barabara ya Natta.

"Mwenyekiti, tukiondoka sasa hivi tunawahi."

"Zima," akasema mzee.

"Tata, baba yetu, banda ni fupi..." Vedasto akaanza.

"Zima, nimesema! Ng'ombe akikataa kuingia zizini, wewe huwa unampanda mgongoni?"

Akamgeukia Boke. Boke alikuwa ameshaondoka. Anarudi na Karani na Shemasi, wale maksai wawili wazee, nira begani tayari. Shemasi ndiye yule anayefumba macho akilima, kama yuko kwenye sala.

"Mwanamke huyu!" mzee akapaza sauti. "Mnamwona?"

Mnyororo ukafungwa mbele. Vedasto akatoa gia, akasimama chini pembeni, mkono mmoja umeshika usukani. Boke akawaongoza maksai kupitia bandani, na hilo banda, nikwambie, kwao lilikuwa na nafasi ya kutosha. Mzee akaenda zake nyuma ya trekta, fimbo mkononi. Hakuna aliyemwambia asimame pale.

"Karani! Twende, baba! Shemasi, fumbua macho!"

Mnyororo ukakaza. Changarawe ikalia. Gurudumu likasogea, likasita, likasogea, majirani wakaweka mabega, na mvua ikashuka yote kwa pamoja.

Wakaweka mawe kwenye magurudumu. Agustina alipita akigusa kila kona, bomba la moshi, kiti, usukani. Pakavu. Akapandisha macho kwenye mabati, akangoja. Halikudondoka hata tone.

"Na kuitoa?" akauliza, sauti juu ya mvua.

"Wataitoa walewale."

"Kiangazi tunainua hili paa, mzee."

"Tutainua, mama. Inakaa hapa?"

"Si imeshaingia?"

Boke alifungua mnyororo na nira. Karani akatoka kwenda kulowa. Shemasi aligeuka, akaingiza kichwa chini ya paa, akaweka pua kwenye boneti iliyokuwa bado na joto. Pumzi yake ikaacha duara la ukungu kwenye ile rangi nyekundu, likafutika, akaliweka tena.