Mzazi wa Mlinzi

Kompyuta ya dukani iliganda tena, na siku hiyo nilikuwa na jambo moja tu la maana: kutuma sampuli ya kadi kwa kiwanda cha uchapaji cha mji mwingine kabla ya saa sita mchana. Wakiipenda, napata kazi na nyumba. Mimi na mke wangu tunatoka hapa.

Hapa ni kwa shemeji, kaka wa mke wangu. Mbele tunachapa kadi na mabango, nyuma tunalala. Chumba chetu hakina mlango mwingine ila huu wa kutokea dukani, na geti la duka hulifungua yeye peke yake. Ukimtajia ufunguo wa pili anacheka.

"Mimi ndiye mzazi wenu hapa. Mtoto wa nyumbani ufunguo wa nini?"

Nikafungua ile orodha inayoonyesha kila programu inayotembea ndani ya mashine na kiasi inachokula. Juu kabisa palikuwa na kitu kinaitwa Mlinzi, kimemaliza karibu nguvu zote. Sikukiweka mimi. Nikakiua. Mashine ikapumua, mshale ukatembea. Sijafika kwenye barua pepe, kikarudi. Nikakiua tena, kikarudi tena, kama nzi kwenye kidonda.

Kitu kikirudi hivyo kina mzazi. Programu huzaa programu. Ukimuua mtoto, mzazi anazaa mwingine. Nikaipanga orodha kwa ukoo, nani kamzaa nani. Mzazi alikuwa amejibanza chini, hali kitu, anasubiri tu. Nikamfuata hadi kwenye folda yake. Ndani mlijaa picha za kioo cha kompyuta yangu: kazi za wateja, mpira niliotazama kwa kuiba, na barua yangu ya kuomba kazi, mstari kwa mstari, hata pale nilipoandika "tumebanwa" nikafuta.

Nikaua mzazi kwanza, kisha mtoto. Havikurudi. Nikabonyeza tuma. Sampuli ilikuwa nzito; mstari wa kijani ukaanza kutambaa.

Simu ya shemeji ikalia kwenye kaunta. Akaitazama, akaja na kikombe chake cha chai.

"Shemeji, umezima kitu?"

"Mashine ilikuwa nzito."

"Nzito." Akanywa. "Na wewe bwana daktari, dawa yako ni kuua tu."

"Yule alikuwa ananipiga picha."

"Mzazi hapigi picha. Anaangalia watoto."

Mstari ulikuwa umepita nusu. Nikasogeza kiti, nikakiziba kioo kwa mgongo. Hapo sauti ya mke wangu ikatoka chumbani:

"Mume wangu, imeenda? Nianze kufunga vyombo?"

Shemeji hakukasirika. Akageuza shingo taratibu.

"Vyombo vya kwenda wapi, mdogo wangu?"

Chumbani sufuria moja ikawekwa chini.

"Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe," akaniambia. Akaweka kikombe juu ya karatasi zangu, akainama nyuma ya meza, akachomoa waya ukutani. Kioo kikawa cheusi, mstari haujafika mwisho. Akauchomeka tena.

"Iwashe. Wateja wanakuja."

Nikaiwasha. Nikafungua orodha. Barua pepe ilikuwa haijaamka, programu ya kuchorea haijaamka. Mzazi alikuwa ameshaketi, na mtoto yuko mgongoni.