Mwendo wa Nasser

Kwao Bi Mahfudha, muuza vitambaa wa Temeke, msafiri akitoka nyumba haifagiwi mpaka afike. Ukifagia kabla, unamfagilia mbali. Enzi za meli vumbi lilikaa hata wiki mbili na hakuna aliyejali. Lakini mwanawe Nasser alikwenda kwa wajomba zake Adeni kwa ndege, na habari za ndege bibi hakuzijua. Akamwita jirani yake, Mwalimu Revelian, mtu wa Bukoba, aliyekuwa na ramani na jibu la kila kitu.

"Mwalimu, mwanangu atafika saa ngapi?"

Revelian akapima kwa rula, akagawa maili kwa mwendo wa ndege. Alipenda sana kuulizwa. "Ameondoka asubuhi hii, mama. Magharibi yuko Adeni."

Magharibi ilipoingia, Bi Mahfudha akafagia ua, ukumbi, mpaka uvungu wa kitanda cha Nasser.

Kumbe abiria walilala Nairobi. Ndege ilianguka kesho yake katika nyika za kaskazini, na Nasser hakuonekana, hai wala maiti.

Revelian alijiambia kwamba ndege huangushwa na mitambo, si ufagio. Alijiambia hivyo kila asubuhi akinyoa ndevu, na hakuna asubuhi aliyojiamini.

Bi Mahfudha hakulia, wala hakutaka matanga. Alimwita tena.

"Kutoka alipoangukia mpaka hapa ni maili ngapi?"

"Kama mia nane, mama."

"Kwa miguu je?"

Alitaka kusema hajui. Lakini bibi alimtazama bila chuki hata kidogo, na hilo ndilo lililomshinda. "Mtu akienda maili ishirini kwa siku, ni siku arobaini."

"Haya. Safari hii sifagii."

Na kweli hakufagia. Mchanga ukajaa uani, majani ya mkungu yakarundikana, majirani wakasema akili imemruka. Revelian akawa anapita njia ya mbali, maana kila alipouona ule uchafu alijiona mwenyewe.

Siku ya arobaini ndugu waliazimia kusoma hitima, atake asitake. Revelian alikuwa Mkristo, lakini aliwahi asubuhi kusaidia kutandika mikeka. Akasukuma mlango wa uani, akasimama.

Mchangani palikuwa na nyayo za miguu mitupu, zimetoka mlangoni hapo aliposimama mpaka kwenye kizingiti cha nyumba. Zilikuwa za kuingia tu. Za kutoka hazikuwapo.

Bi Mahfudha alikuwa amekaa kizingitini na birika la maji, na sakafu nyuma yake ilikuwa imelowa.

"Shikamoo, mama," alisema Revelian.

"Marahaba. Leo hesabu yako imekuja sawa, Mwalimu." Akajifuta mikono kwa kanga. "Amechoka, nimemlaza. Sasa nipe ufagio, huo hapo ukutani karibu nawe."

Revelian akauchukua. Akampelekea akizunguka kando kando ya ua, asije akazikanyaga zile nyayo.