Mkwe wa Mninga

Ijumaa ile, watu walipotoka msikitini, Mwinjuma alivua kanzu, akaikunja, akaiweka juu ya kapu la muhogo. Kisha akakaa kizingitini kunoa meno ya msumeno kwa tupa, jino moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Ulikuwa msumeno wa mashine, ule watu wauitao chenso. Aliupata Vugiri, huko milimani Korogwe, alikokuwa akimwangushia miti mzungu mmoja. Mzungu alipofunga virago baada ya uhuru, msumeno haukuingia kwenye sanduku, basi akamwachia.

Siku nyingine zote Mwinjuma alilima. Ijumaa alasiri alichonga, kwa kupenda tu. Alichonga vinu, vigoda, bata na kobe. Watu hakuchonga, maana Mwalimu Mbaruku wa chuo cha Kurani alikwisha kumwonya kwamba anayechonga mtu ataambiwa siku ya kiyama amtie roho. Kuhusu kobe Mwalimu alifikiri sana, halafu akasema kobe hana uso wa kumsumbua mtu, achonge.

Siku hiyo alitaka kobe. Nyuma ya nyumba palikuwa na kisiki cha mninga kilichobaki pori lilipofyekwa kuweka kijiji. Akatia petroli ya akiba iliyochanganywa na oili, akavuta kamba, mashine ikalia. Akakata mgongo wa kobe, yakatoka mabega. Akakata miguu minne, ikatoka miwili, imenyooshwa mbele kama ya mwanamke aliyekaa chini akingoja. Alipozima mashine, kisiki kilikuwa mama mkwe wake, Bibi Mashavu, ameinua mkono wa kulia.

Mwinjuma akageuza uso upesi, kwa heshima.

Mkewe, Hamisa, akatoka jikoni na unga mikononi. Akatazama.

"Umemkalisha mama juani," akasema.

"Nilikuwa nachonga kobe."

"Naona."

Akaingia ndani, akaleta kanga, akamfunika mama yake kichwa.

Kwamba ni yeye hapakuwa na ubishi. Chini ya sikio la kushoto palikuwa na kovu la moto, na kovu hilo Mwinjuma hakupata kuliona maishani mwake. Kwao mama mkwe hatazamwi usoni. Tangu alipooa, alijua nyayo zake, sauti yake na rangi za kanga zake, basi. Wakikutana njiani, Mwinjuma aliingia majanini mpaka bibi apite. Mwalimu Mbaruku naye alikuja, akakizunguka kisiki, akasema kwa kuwa nia ilikuwa kobe, mbele ya Mungu hicho ni kobe.

Walikuwa wamehamia hapo kutoka Kwemikole, mwaka ule watu wote wa Handeni walipoambiwa wakae vijijini. Lori lilikuja asubuhi, pamoja na mgambo. Vikapakiwa vinu, mbuzi, mpaka milango. Wanaume wengine walikuwa wametangulia kwa miguu na ng'ombe. Bibi Mashavu miguu ilikuwa imekufa ganzi tangu masika, hakuweza kupanda. Hamisa alikuwa na mimba kubwa, hawezi kunyanyua mtu. Mgambo walikuwa wanachoma mapaa, watu wasije wakarudi. Kwa watu wake, mwenye nguvu aliyebaki alikuwa Mwinjuma, mtu wa kubeba magogo, naye alisimama kando ameinamisha uso, maana mama mkwe habebwi na mkwewe. Bibi akainua mkono ashikwe. Akangoja hivyo.

Mhina, aliyekwisha kuwekwa mwenyekiti wa kijiji kipya, akaona lori limejaa.

"Mama, kaa hapo kivulini usije ukabanwa na vyombo," akamwambia. "Gari litarudi."

"Haya baba. Nangoja."

Wakamwachia kibuyu cha maji. Gari halikurudi. Jioni ile Mhina alipeleka habari wilayani kwamba Kwemikole wamehama wote, hakubaki hata kuku. Kesho yake ikatangazwa kwamba hakuna ruhusa kwenda kwenye mahame, vijiji vilivyohamwa, na mgambo wakawekwa njiani. Hamisa alijaribu, akarudishwa. Akajaribu tena, akajifungua njiani, akarudishwa na mtoto.

Baada ya kisiki kutoka mama yake, Hamisa alikwenda kwa Mhina, kama alivyokwisha kwenda mara nyingi.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, Hamisa. Ni lile lile?"

"Lile lile. Naomba ruhusa nikamtafute mama. Kama ni mzima nimlete, kama ni mifupa niizike."

"Kwemikole hakuna mtu. Mimi nimesema wilayani, wilaya imesema mkoani. Sasa nikikupa ruhusa, unakwenda kumtafuta nani?"

"Mama."

"Mama yako si yuko nyuma ya nyumba yenu? Jana nimepita nimemwona, amejitanda kanga. Kanga nzuri."

"Yule ni mninga, mwenyekiti."

"Na mimi ni Mzigua. Kila mtu na asili yake."

Tangu hapo, majina yalipoitwa kwenye shamba la ujamaa, likifika la Mashavu, Mhina aliitikia mwenyewe. "Yupo. Amekaa."

Ijumaa iliyofuata Mwinjuma alianza kinu. Akatoka Bibi Mashavu, kibuyu mapajani, kizibo kimefunguliwa. Ijumaa nyingine akajaribu kigoda. Akatoka yeye, kibuyu kimelala ubavu, pindo la kanga limeungua. Mkono ulikuwa juu vile vile. Mwinjuma akasema afadhali aache, mambo ya kumchonga mkwe yalikuwa yanamtia aibu. Hamisa alikuwa amechuchumaa mbele ya gogo, anapapasa lile pindo.

"Usiache," akasema. "Huoni kwamba anasogea? Endelea, nijue aliishia wapi."

Akaendelea. Alikata huku ameangalia pembeni, na msumeno ule haukuwa kitu cha kuangalia pembeni. Siku moja ukaondoka na vidole viwili vya mkono wa kushoto. Hamisa akafunga jeraha kwa kitambaa, akavizika vidole chini ya mpapai, na Mwalimu Mbaruku akavisomea dua fupi. Gogo la siku hiyo lilionyesha midomo iliyopasuka.

Hatimaye likaja gogo la mti wa mkongo, na Mwinjuma alikusudia bata. Bibi Mashavu alikuwa amelala ubavu. Macho yamefungwa, mchanga umemwingia mdomoni, mkono bado umeinuliwa. Hamisa alikaa naye mpaka jua likapungua. Kisha akachota maji, akamwosha, akatoa shuka jeupe, akalishona sanda, mkono ukabaki nje kwa sababu haukukunjika. Akaenda kumwita Mwalimu.

"Mwalimu, mama amekata roho. Nimeshamwosha."

Mwalimu Mbaruku alimtazama, akaligusa gogo begani.

"Gogo siwezi kuliswalia, Hamisa. Lakini dini ina nafasi. Ipo swala ya maiti aliye mbali. Mtu akinithibitishia kwamba maiti ipo, nasimama sasa hivi."

Wakaenda kwa Mhina. Walimkuta anakula. Akanawa, akawasikiliza vizuri, akasema Mashavu aliitwa shambani Jumatatu na alikuwapo.

Mwalimu akavaa viatu. "Basi. Aliyepo haswaliwi."

Mwezi haukuisha, akaja mgeni mkubwa kuangalia shamba la muhogo. Shamba lilikuwa baya, kwa hiyo Mhina akampitisha nyuma ya nyumba ya Mwinjuma. Mgeni akasimama mbele ya magogo.

"Huyu mama mnyoosha mkono anasema nini?"

"Anaupokea ujamaa, ndugu mgeni," Mhina akajibu.

Mgeni akapendezwa. Akasema kila kijiji kipya kingefaa kuwa na mama kama huyo penye mlango wa ofisi. Petroli, ambayo ilikuwa haipatikani hata ya kumpeleka mgonjwa, ikapatikana. Mwinjuma akaondolewa kazi za shamba. Hakujaribu tena kobe wala bata, alikata tu, na kila gogo lilijua la kufanya. Yule wa sanda Mhina alimvua shuka, akamrudishia Hamisa limekunjwa, akamsimamisha wima nje ya ofisi. Mgambo wakawa wanatundika kofia zao kwenye mkono.

Siku ya kuwachukua mama hao wa magogo kuwapeleka vijijini, lori likaja. Lilikuwa lile lile lililowahamisha Kwemikole, na dereva yule yule, Fabiani, mtoto wa manamba wa mkonge kule Mnyuzi. Akashuka, akatazama magogo yaliyopangwa, akavua kofia.

"Bibi huyu namjua. Tulimwacha kivulini."

"Ndiye," Hamisa akasema. "Alikungoja."

"Nilikuwa narudi, dada. Wakaniambia nikabebe kwanza saruji ya ofisi."

"Ofisi imekwisha. Nzuri."

Mgambo wakasogea kupakia. Mwinjuma akawazuia kwa ule mkono wenye vidole vitatu. Akatandaza kanga juu ya mikono yake, akageuza uso, akamnyanyua mama mkwe wake, akamlaza taratibu juu ya majani makavu nyuma ya lori. Akarudi kumchukua wa pili. Aliwapakia wote, na hakuna aliyemwambia kwamba ni aibu. Walipokwisha, nafasi ilikuwa imebaki kubwa, ya kutosha hata vyombo vya nyumba nzima.

Hamisa akaenda dirishani kwa dereva. "Mnapita Kwemikole?"

Fabiani akamtazama Mhina, aliyekuwa anafunga kamba ya nyuma.

"Kule hakuna mtu," Mhina akasema bila kuinua kichwa.

"Hakuna mtu," Fabiani akasema, akawasha gari.

Lori likaondoka, mikono imejitokeza juu ya mbao za ubavuni. Watoto wakaipungia. Hamisa akarudi ndani kwa sababu mboga ilikuwa motoni.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, Mwinjuma alivua kanzu, akakaa kizingitini kunoa meno ya msumeno. Hamisa alikuwa amekwisha kutoa kanga nyingine, ameikunja, ameiweka karibu na gogo.